Tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) ya mgodi wa chuma wa shimo la wazi: nini hasa kinatakiwa, na andiko hukwamia wapi?

Nyundo_Ludewa

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo wa wanaozijua kazi hizi.

Kuna leseni ya utafiti kwenye ukanda wa chuma wa Ludewa, mkoani Njombe, jirani na Liganga. Mwamba ni magnetaiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku) yenye titaniamu na vanadiamu. Uchorongaji umeisha, sasa yanafanyika maandalizi ya kuomba leseni ya uchimbaji. Mpango ni shimo la wazi, tani milioni 1 za mbale (mawe yenye chuma) kwa mwaka kwa miaka 20, mawe taka tani 2 kwa kila tani 1 ya mbale. Kinu cha kusagia na kutenganisha kwa sumaku kitakuwa palepale. Kuyeyusha chuma hakumo kwa sasa.

Maswali:

1. Hatua za tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) hadi kupata cheti zinafuatanaje, na ipi inakula muda?
2. Mtaalamu elekezi mmoja anasema vipimo vya hali ya sasa vya kiangazi peke yake vinatosha, kwa kuwa "chuma si sumu". Ni kweli?
3. Bwawa la topesumu (tope linalobaki kinuni baada ya chuma kutenganishwa) liingie kwenye andiko hilihili au lifanyiwe TAM yake?
4. Fidia na uhamishaji wa watu vinaingia wapi?
5. Kuna anayeshauri eneo likatwe kuwa leseni ndogondogo za uchimbaji ili kuepuka TAM kamili. Inawezekana?

Natanguliza shukrani.

---

Kabrasha_Kamili

Mkuu, nianze na la 5, maana ndilo litakalowaponza. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, eneo lake halizidi hekta 10, na kwa mazingira mwenye leseni anatakiwa kuwa na mpango wa hifadhi ya mazingira badala ya TAM kamili. Sasa, tani milioni 1 kwa mwaka zinatoka kwenye shimo moja, zinaingia kinu kimoja, na mawe taka yanamwagwa lundo moja. Ukilikata hilo vipande thelathini kwenye karatasi, NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) watakuuliza bwawa la topesumu ni la leseni ipi, na hapo hakuna jibu. Benki nayo haitaweka fedha kwenye mradi wa namna hiyo. Achaneni nalo.

Sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 81 kinamtaka mwendelezaji afanye TAM kabla mradi haujaanza wala kupewa fedha, na kwa gharama zake mwenyewe. Utaratibu wenyewe umo kwenye Kanuni za TAM na Ukaguzi wa Mazingira za 2005, zilizorekebishwa 2018. Marekebisho yale yaligawa miradi kuwa kundi A (TAM ni lazima), B1 (ya katikati), B2 (si lazima) na kundi maalumu. Mgodi wenu ni A, hakuna mjadala.

Mfuatano ni huu. Kwanza mnampata mtaalamu elekezi aliyesajiliwa. Hakikisheni usajili na cheti chake cha mwaka husika viko hai siku andiko linapowasilishwa, na si siku mlipotia saini mkataba tu. Kisha mradi unasajiliwa NEMC pamoja na maelezo yake mafupi, ripoti ya kuainisha mambo ya kuchunguzwa, na hadidu za rejea. Hadidu zikipitishwa ndipo utafiti wenyewe unaanza: hali ya sasa, athari, njia mbadala, mpango wa usimamizi wa mazingira wenye gharama, mpango wa ufuatiliaji na mpango wa kufunga mgodi. Andiko la awali linapelekwa, kamati ya ushauri wa kitaalamu inatembelea eneo na kukaa kulipitia, maoni yanarudi, mnarekebisha, NEMC inapeleka mapendekezo kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Cheti hutoka na masharti. Muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ule wa Kiswahili usiwe tafsiri ya kubahatisha, maana ndio utakaosomwa kijijini.

Bila cheti hicho, maombi ya leseni ya uchimbaji Tume ya Madini hayakamiliki. Na mtaji ukifika dola milioni 100 za Marekani, mnaingia leseni maalumu, na huko mpango wa kuhamisha watu nao huombwa.

Kinachokula muda siyo siku za NEMC. Ni andiko kurudishwa. Na sababu kubwa ya kurudishwa ni moja: sura ya maelezo ya mradi imeandikwa kabla wahandisi hawajamaliza mpango wa mgodi. Matokeo yake ukurasa wa 14 lundo la mawe taka lina hekta 40, ukurasa wa 90 lina hekta 65, na kwenye ramani limekaa juu ya kijito. Kamati wakiona hivyo hawaendelei kusoma kwa moyo mweupe. Fungeni kwanza ramani ya mpangilio wa mgodi, tarehe na namba ya toleo, ndipo mtaalamu elekezi aanze kuhesabu athari.

---

Mama_Bonde

La 2: si kweli, na huyo mtaalamu mwangalieni vizuri.

Ludewa kuna msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kiangazi vijito viko chini na maji ni meupe. Masika mto uleule hubeba tope hata kabla ya mgodi. Mkipima kiangazi tu, "hali ya sasa" yenu itasema tope ni karibu sifuri, na masika ya kwanza baada ya kuanza kuchimba kila mkulima wa bondeni atakuwa na haki ya kusema mgodi umechafua maji. Hamtakuwa na namba ya kujitetea. Angalau misimu yote miwili. Mtiririko wa vijito upimwe kila mwezi, na mvua ipimwe kila siku kwa kipimo kilichowekwa palepale kwenye leseni, si kwa kukopa takwimu za kituo cha mbali huku milima ikiwa katikati.

Vitu vya kupima kwenye maji ya mgodi wa aina hii: pH, uchumvi kwa kipimo cha umeme, yabisi zinazoelea, uchafu wa tope, salfeti, nitrati, amonia, na metali: chuma, manganizi, vanadiamu, nikeli, kromiamu, shaba. Vanadiamu isisahaulike. Chuma chenyewe kweli si sumu kubwa, ila mbale ya Ludewa si chuma kitupu.

Kosa linaloharibu takwimu nyingi liko kwenye chupa. Kwa metali zilizoyeyuka, maji yachujwe kwa kichujio cha mikroni 0.45 hapohapo mtoni, kisha ndipo yatiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, asidi inayeyusha chembe za tope zilizomo kwenye chupa, na maabara inakuletea chuma na manganizi ambavyo havikuwa vimeyeyuka mtoni. Chukueni chupa mbili kwa kila kituo: moja ya jumla, moja ya iliyochujwa. Nitrati haitiwi asidi hiyo; inakaa kwenye barafu, nyuzi 4, na ifike maabara ndani ya saa 48. Kutoka Ludewa hadi Dodoma au Dar hiyo inataka mpangilio wa gari, siyo kupeleka wiki ijayo. Wekeni pia chupa moja ya maji safi ya maabara iliyosafiri na zingine, ili ijulikane kama uchafu uliingia njiani.

Vibali vya maji si sehemu ya cheti cha TAM. Vinaombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009: kibali cha kutumia maji ni kimoja, cha kumwaga majitaka ni kingine. Kuchimba kisima kuna kibali chake pia. Na kunyonya maji ya ardhini ili shimo lisijae ni kutumia maji, hata kama mnayamwaga. Watu hushangaa hapo.

Mfano mdogo wa kwa nini maji yahesabiwe mapema. Barabara ya malori ndani ya mgodi, kilomita 4 kwa upana wa mita 12, ni mita za mraba 48,000. Kiangazi, kuzuia vumbi kwa lita 1 kwa mita ya mraba kila saa, saa 8 za mchana, ni mita za ujazo 384 kwa siku. Hapo kinu hakijanywa hata tone. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho kijito hakina maji. Kwa hiyo andiko linalosema "vumbi litadhibitiwa kwa kumwagilia" bila kusema maji yatoka wapi linarudishwa, na ni haki yake.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Chorweni mstari huo kwenye ramani ya mpangilio kabla ya jambo lingine lolote.

---

Mpimaji36S

Naongezea hapo kwenye ramani kwa ufupi. Ramani za zamani za topografia ziko kwenye mfumo wa nukta wa Arc 1960, GPS ya mkononi huja imewekwa mfumo wa WGS84. Tofauti ya hizo mbili kwa Tanzania ni karibu mita 300 kuelekea kaskazini-kusini. Mtu mmoja akichora mipaka ya leseni kwa mfumo mmoja na mwingine akapima makaburi na vyanzo vya maji kwa mwingine, ukanda wa mita 60 unakuwa hadithi. Andikeni mfumo na kanda (Ludewa ni 36 Kusini) kwenye kila jedwali la nukta, siyo kwenye ramani peke yake.

---

Salfa_na_Mwamba

La 3. Bwawa lifanyiwe TAM hiihii. Ni mradi mmoja. Kinu bila bwawa hakifanyi kazi. Lakini kabla ya bwawa, mawe taka, maana ndiyo mengi na ndiyo yanayoandikwa aya mbili tu.

Hesabu yenu: tani milioni 2 kwa mwaka kwa miaka 20 ni tani milioni 40. Mwamba ukishavunjwa unavimba. Chukua tani 2 kwa mita ya ujazo, unapata mita za ujazo milioni 20. Lundo la urefu wa mita 40 lenye mteremko wa 1 kwa 3 litakalia karibu hekta 70. Kwenye hekta hizo udongo wa juu uondolewe kwanza, sentimita 30 hivi, ambao ni mita za ujazo 210,000, urundikwe pembeni kwa kimo kisichozidi mita 2 na kuoteshwa nyasi. Ukiurundika mita 6, sehemu ya chini inakosa hewa, na siku ya kufunga mgodi mnakuwa na udongo uliokufa. Andiko liseme rundo hilo liko wapi. Mara nyingi haliko popote.

Sasa swali la tindikali. Mwamba wa magnetaiti kwenye miamba ya gabro na anothositi unaweza kuwa na salfaidi (madini yenye salfa) za hapa na pale: pairaiti, pirotaiti. Zikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali. Vipimo vinafanyika kwenye sampuli za uchorongaji mlizonazo tayari, hakuna haja ya kuchoronga upya. Asilimia ya salfa ya salfaidi zidisha kwa 31.25, unapata uwezo wa kutoa tindikali kwa kilo za chokaa kwa tani. Mfano, salfa asilimia 0.4 ni kilo 12.5. Kipimo cha uwezo wa mwamba kuzimua tindikali kikitoa kilo 9, uwiano ni 0.72. Chini ya 1 hesabu kwamba utatoa tindikali. Juu ya 2 au 3, kutegemea mwongozo mnaoufuata, hesabu hautatoa. Katikati, pelekeni kwenye kipimo cha unyevunyevu cha muda mrefu, na hicho ni wiki 20 kwa uchache, kwa kawaida zaidi ya 40. Ndiyo maana lazima kianze mapema. Ukikianza siku hadidu za rejea zimepitishwa, huenda kikawa ndicho cha mwisho kumaliza.

Sampuli zichaguliwe kwa aina ya mwamba, si kwa mbale tu. Mara nyingi sampuli 30 za mbale zinapimwa, za mawe taka 4. Mbale inaondoka, mawe taka ndiyo yanayobaki kijijini milele.

Bwawa: kama sumaku inachukua asilimia 60 ya uzito, kinachobaki ni tani 400,000 kwa mwaka, tani milioni 8 kwa miaka 20, kwa uzito wa tani 1.6 kwa mita ya ujazo ni mita za ujazo milioni 5. Tope la asilimia 45 yabisi hubeba maji kama mita za ujazo 489,000 kila mwaka. Onesheni ni kiasi gani kinarudi kinuni, kiasi gani kinanaswa ndani ya tope, kiasi gani kinavukizwa na kiasi gani kinavuja. Jedwali hilo la mizania ya maji, mwezi kwa mwezi, kwa mwaka wa kawaida, wa ukame na wa mvua kubwa, ndilo mhakiki anayejua kazi hulifungua kwanza.

Kuhusu ujenzi wa ukuta: mabwawa mawili ya topesumu ya migodi ya chuma nchini Brazili, la Mariana lililobomoka Novemba 2015 na la Brumadinho lililobomoka Januari 2019, yote yalikuwa yamepandishwa kuelekea ndani, yaani ukuta mpya unajengwa juu ya tope lenyewe. Mariana walikufa watu 19, Brumadinho 270. Tope likishiba maji hupoteza nguvu ghafla na kutiririka kama uji. Kwa hiyo sura ya njia mbadala isiwe ya kujaza nafasi. Linganisheni ukuta unaopandishwa kuelekea nje, na njia ya kukamua maji hadi tope liwe la kurundikwa kavu. Kukamua ni ghali kwa umeme na vichujio, lakini maji mengi yanarudi kinuni, na kwa eneo lenye kiangazi kirefu hilo lina thamani yake. Mimi ningelipa uzito mkubwa.

Fanyeni uchambuzi wa bwawa kubomoka: tope linafika wapi, kwa dakika ngapi, nyumba ngapi ziko njiani. Vijito vya upande ule vinaelekea Ruhuhu, na Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa, ambalo tunachangia na Malawi na Msumbiji. Athari za kuvuka mpaka lazima ziandikwe. Bwawa lenyewe linahitaji pia kibali chini ya Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013, Wizara ya Maji, na mhandisi aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Wafadhili watauliza kama mnafuata Kiwango cha Kimataifa cha Usimamizi wa Topesumu cha 2020.

---

Nyundo_Ludewa

Aisee, nashukuru sana wakuu. Dada Mama_Bonde, mabwawa ya kutulizia tope la mvua yanapigiwaje hesabu? Wahandisi wamechora moja la mita 30 kwa 30. Na je, milipuko? Nyumba za karibu zaidi ziko mita 300 kutoka ukingo wa shimo.

---

Mama_Bonde

Mita 30 kwa 30 ni kidimbwi cha bata.

Hesabu ni ya kasi ya chembe kuzama. Chembe ya mikroni 10 ya mwamba huzama kama milimita 0.1 kwa sekunde. Maji yakiingia kwa mita ya ujazo 0.5 kwa sekunde, eneo la uso wa bwawa linalohitajika ni 0.5 gawanya kwa 0.0001, yaani mita za mraba 5,000. Lenu lina 900. Halafu ongezeni ujazo wa dhoruba: shimo la hekta 30 likipata mvua ya milimita 100 kwa siku moja ni mita za ujazo 30,000 za kusukumwa nje. Chembe ndogo kuliko mikroni 10 hazitazama hata hivyo, hizo zinahitaji dawa ya kugandisha, na dawa hiyo nayo ina athari zake kwa samaki. Andikeni.

Jingine la maji ambalo husahaulika kwenye migodi isiyo na kemikali: baruti. Ile ya kawaida ni asilimia 94 nitrati ya amonia na 6 dizeli. Kwa kilo 0.3 kwa tani ya mwamba, tani milioni 3 kwa mwaka zinataka tani 900. Hata asilimia 1 ikimwagika au isipolipuka, ni tani 9 zinazoyeyuka kwenye maji ya shimo. Ndiyo sababu nitrati na amonia vimo kwenye orodha yangu ya juu. Kwenye mashimo yenye maji tumieni baruti ya majimaji isiyoyeyuka upesi, na sharti hilo liingie kwenye mpango wa usimamizi pamoja na jina la cheo kinachowajibika.

---

Salfa_na_Mwamba

Milipuko kwa kifupi. Makadirio ya mwanzo ya mtikisiko: 1,143 zidisha kwa (umbali wa mita gawanya kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti kwa kila mpigo) kipeo hasi 1.6. Kilo 100 kwa mpigo, mita 300: karibu milimita 5 kwa sekunde. Mita 500: karibu 2.2. Milimita 5 ni kikomo kinachotumika sana kwa nyumba za kuishi, lakini nyumba ya tofali mbichi na udongo haivumilii sawa na ya saruji, kwa hiyo mita 300 mko pembeni kabisa. Mawe ya kurushwa ni hatari kubwa kuliko mtikisiko. Umbali wa kuondoa watu wakati wa kulipua kwa kawaida ni mita 500, na nyumba zenu zimo ndani. Aidha zihamishwe, au mseme wazi kwamba kila mlipuko familia zile zitaondolewa, mara ngapi kwa wiki na kwa utaratibu gani. Kabla ya mlipuko wa kwanza pigeni picha nyufa zote za kila nyumba, zikiwa na tarehe na saini ya mwenye nyumba. Bila hizo, kila ufa utakuwa wenu.

Kumbukeni lile la 1,143 ni la kuanzia. Baada ya milipuko ya majaribio mtapata namba ya mwamba wenu.

---

Mthamini_Kusini

La 4, fidia. Mnapaswa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: uthamini wa fidia kwa sheria zetu, na mpango wa kuhamisha watu kwa viwango vya wafadhili.

Kwa sheria: ardhi ya kijiji lazima ihaulishwe (ibadilishwe) kuwa ardhi ya jumla kwanza, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Eneo likizidi hekta 250 jambo linafika kwa Waziri, haliishii kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Uthamini unafanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu. Vinavyolipwa ni thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (gharama ya kubeba tani 12 kwa barabara ndani ya kilomita 20), posho ya makazi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Malipo yafanyike ndani ya miezi 6 tangu kuidhinishwa, zaidi ya hapo riba inaanza. Uthamini usiolipwa unakufa baada ya miaka 2, na hapo mnarudia upya. Wananchi wa Liganga na Mchuchuma walisubiri miaka mingi baada ya kuthaminiwa hadi malipo yalipofanyika 2023, kwa hiyo mkienda Mundindi au vijiji vya jirani na fomu za uthamini bila fedha mfukoni, msitegemee chai.

Viwango vya IFC (shirika la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi), hasa kile cha 5, vinataka zaidi: gharama ya kujenga upya bila kupunguza uchakavu, na kurejesha njia ya kujipatia riziki, siyo kulipa nyumba tu. Pengo kati ya hayo mawili liwekwe kwenye jedwali ndani ya andiko. Makaburi yana Sheria yake ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na mazungumzo yake huchukua muda mrefu kuliko ya nyumba.

Ushirikishwaji: ambatisheni muhtasari wa mkutano wenye muhuri wa kijiji na mahudhurio yenye majina na saini. Fanyeni kikao cha akina mama peke yao, maana wao ndio wanaojua kisima gani hukauka Oktoba. Msiitishe mkutano siku za kupanda mahindi. Watakuja wazee watano na mwenyekiti, na kamati itaona kwenye orodha.

Na jambo moja la eneo lenu: Wapangwa walikuwa wayeyushaji chuma tangu zamani. Mabaki ya tanuru na takataka za kuyeyushia yanaweza kuwa ndani ya leseni yenyewe, kwa sababu walifuata mbale hiyohiyo. Mtaalamu wa mambo ya kale aingie kwenye timu tangu mwanzo, apite na wazee kwa miguu.

---

Nyundo_Ludewa

Asanteni sana. La mwisho: cheti kikishatoka, tukiongeza tanuru la kuyeyushia na kutoa vanadiamu baada ya miaka mitano, cheti kile kinatosha? Na dhamana ya ukarabati wa eneo baada ya mgodi inapangwaje?

---

Kabrasha_Kamili

Dhamana kwanza. Mpango wa kufunga mgodi unaopelekwa na TAM ni wa awali, unaboreshwa kadiri mgodi unavyokwenda, na dhamana inafuata gharama zilizomo. Inaweza kuwa dhamana ya benki, ya bima, au fedha kwenye akaunti maalumu. Gharama zipigwe kwa bei ya mkandarasi wa nje anayekuja na mitambo yake, kwa sababu dhamana ni ya siku ambayo nyinyi hampo. Maandiko mengi hutumia bei ya malori ya mgodi wenyewe na kupata namba ndogo ya kupendeza. Hekta 70 za lundo, kulainisha mteremko, kurudisha mita za ujazo 210,000 za udongo, uzio na tuta la usalama kuzunguka shimo, bwawa kufunikwa, ufuatiliaji wa maji miaka kadhaa baada ya kufunga: kila moja iwe na ujazo, bei na mwaka wake.

Tanuru: hapana, cheti hakitoshi. Kinafunika kile kilichoelezwa kwenye andiko tu. Kuyeyusha ni mradi wa athari nyingine kabisa: makaa, dioksidi ya salfa, slagi (takataka za kuyeyushia). Na kutoa vanadiamu kwa kuchoma na chumvi za sodiamu huacha majitaka yenye sodiamu na amonia nyingi, ambayo bwawa lenu la topesumu halikusanifiwa kuyapokea. Itatakiwa TAM mpya.

Msifiche nia hiyo lakini. Itajeni kwenye sura ya athari za pamoja, pamoja na usafiri: tani milioni 1 kwa malori ya tani 30 ni safari 33,000 na zaidi kwa mwaka, siku 300 za kazi ni malori 111 yenye mzigo kila siku kupita Ludewa mjini, na mengine 111 yakirudi matupu. Hata mkisafirisha tani 600,000 za mbale iliyochenjuliwa tu, bado ni 67 kwenda na 67 kurudi. Barabara hiyo iko nje ya leseni, ila athari ni zenu. Na kwa kuwa timu ya vipimo vya hewa itakuwa tayari uwanjani kwa ajili ya vumbi, waongezeeni dioksidi ya salfa na ya naitrojeni kwenye orodha sasa hivi. Mkingoja hadi siku ya tanuru, mtakuwa mnapima hewa iliyokwisha kuchanganyika na moshi wa malori yenu wenyewe.